Bondia wa Jana na wa Leo: Hesabu ya Nyanza Kusini

Mjini Migori mabishano kuhusu ndondi hayaishi. Mzee ataapa kwamba hakuna bondia wa siku hizi ambaye angemaliza raundi mbili mbele ya Robert Wangila, bingwa wa Olimpiki wa 1988. Kijana wa Isebania, ambaye akipiga hatua chache tu yuko Sirari, Tanzania, atamjibu kwa jina la Hassan Mwakinyo wa Tanga, aliyemmaliza Mwingereza Sam Eggington katika raundi ya pili kule Birmingham, Septemba 2018. Kila mmoja ana hoja. Tatizo ni kwamba mzee anazungumzia ndondi za ridhaa, kijana anazungumzia za kulipwa, na hakuna anayemwambia mwenzake.

Isitoshe, huku kwetu mpiganaji hukuzwa na masimulizi. Nchi iliyomzaa Gor Mahia, mganga wa Kanyamwa ambaye jina lake limebaki kwenye klabu ya kandanda, na ambayo hadi leo inamsimulia Luanda Magere, shujaa mwenye mwili wa jiwe na uhai uliofichwa kivulini, haiwezi kumtaja bondia kama mtu wa kawaida. Conjestina Achieng wa Siaya alipomshinda Fiona Tugume wa Uganda mwaka 2004, akatajwa kuwa mwanamke wa kwanza Afrika kutwaa taji la kimataifa la ndondi, mashabiki walimwita mwenye mikono ya mawe. Sifa ni tamu, ila hazihesabu raundi.

Tuhesabu. Kenya ina medali saba za ndondi za Olimpiki, na zote zilipatikana kati ya 1968 na 1988. Philip Waruinge wa Nakuru alipata shaba Mexico mwaka 1968, na ingawa dhahabu ya uzani wake ilikwenda kwa mwingine, ni yeye aliyepewa kombe la Val Barker, tuzo ya bondia mwenye ufundi kuliko wote mashindanoni. Mwaka 1972 kule Munich akaongeza fedha, huku Richard Murunga na Samuel Mbugua wakirudi na shaba. Ibrahim Bilali alifuata mwaka 1984, kisha Seoul 1988 Chris Sande akapata shaba na Wangila dhahabu. Katika fainali ile Wangila alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili. Huyo Boudouani hakuwa kibonde: baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia wa WBA. Na hesabu ingekuwa kubwa zaidi kama Kenya isingesusia michezo ya 1976 na 1980. Stephen Muchoki, bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1978, hakupata kupanda ulingo wa Olimpiki katika ubora wake.

Walitoka wapi watu hawa? Jibu halimo kwenye misuli. Kijana wa Nyanza Kusini, kabla wilaya hiyo haijagawanywa, aliyetaka kazi alipanda meli Kendu Bay au Homa Bay hadi Kisumu, kisha gari moshi kuelekea Nakuru na Nairobi. Huko waajiri walikuwa na timu za ndondi: jeshi, polisi, magereza, reli, kampuni ya bia. Bondia alipata mshahara, kocha na, lililo kubwa zaidi, mapigano ya mara kwa mara. Ulimwenguni kote hali ilikuwa hiyo hiyo. Sugar Ray Robinson alipigana takriban mara 200 katika ndondi za kulipwa. Floyd Mayweather alistaafu akiwa na mapambano 50. Mtu aliyepigana mara 200 amekutana na kila aina ya ngumi, na ujuzi huo haununuliwi kwenye ukumbi wa mazoezi wenye vioo.

Hata hivyo, wazee wasidhani kwamba wa zamani walikuwa wa chuma. Julai 1994, Las Vegas, refa alisimamisha pambano kati ya Wangila na David Gonzalez. Wangila alilalamika kwamba bado angeweza kuendelea. Muda mfupi baadaye alianguka katika chumba cha kubadilishia nguo, akazirai, na hakuamka tena. Alikuwa na miaka 26. Ninaposikia watu wakicheka marefa wa leo kwa kusimamisha mapambano mapema, hukumbuka chumba kile. Raundi 15 za mataji ya dunia zilipunguzwa hadi 12 baada ya kifo cha Mkorea Kim Duk-koo mwaka 1982, na sioni fahari yoyote iliyopotea.

Halafu kuna jambo ambalo wazee hulisahau makusudi: wanawake. Elizabeth Andiego aliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya London 2012, mwaka ambao wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwania medali za ndondi. Mwaka 2016 Fatuma Zarika alikwenda Michigan, Marekani, akamshinda Alicia Ashley na kurudi na mkanda wa dunia wa WBC. Wangila mwenyewe hakuwahi kuwa bingwa wa dunia wa kulipwa.

Hukumu yangu basi ni hii. Katika ndondi za ridhaa wazee wameshinda mjadala, na hawahitaji kutia chumvi: tangu 1988 hatujapata medali ya Olimpiki, na Paris 2024 hatukuwa na bondia hata mmoja. Katika ndondi za kulipwa, Zarika amefika mahali ambapo wanaume wa kizazi cha Wangila hawakufika. Kijana wa leo hakupungukiwa na moyo. Amepungukiwa na mapigano.

Serikali za kaunti za Migori na Homa Bay zinaweza kuanza na mashindano ya wanagenzi ya kila mwezi, ulingo mmoja ukizungushwa Rongo, Awendo, Oyugis na Mbita. Na wewe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna picha, cheti au glavu za bondia wa zamani, usizitupe. Mwulize mwenyewe, kama yu hai, alipigana na nani, wapi na raundi ngapi, uandike, kisha upeleke nakala kwenye makumbusho ya jamii ya Abasuba kisiwani Mfangano.