Mashine ya TIG: Mizani ya fundi mwenye mtaji haba

FUNDI anayeazimia kufungua karakana ndogo nyumbani hukabiliwa na swali gumu pindi anapoanza kutafuta mashine ya kulehemu kwa mtindo wa TIG: akiba yake aitumie kwa mashine ipi, na ni kipi anachoweza kukiacha bila kujuta baadaye?

Swali hili lina uzito kwa kuwa mashine hizi hufanana mno kwa sura dukani ilhali uwezo wake hutofautiana kama mbingu na ardhi. Mtu anaweza kununua mashine mpya yenye dhamana, kisha akagundua siku mteja anapomletea sufuria iliyotoboka kwamba haiwezi kabisa kuiziba.

Katika mtindo wa TIG, umeme hupita kwenye ncha ya tungsteni, madini ambayo huyeyuka joto linapofikia takriban nyuzi 3,400 za Selsiasi. Ncha hiyo hutoa tao la umeme linaloyeyusha chuma, nayo gesi ya agoni hukifunika chuma hicho ili hewa isikiharibu. Fundi huongeza waya wa kujazia kwa mkono wake wa pili.

Mbinu hii ilistawishwa nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1940 na mhandisi Russell Meredith wa kampuni ya ndege ya Northrop, aliyehitaji njia ya kuunganisha magnesi, metali nyepesi inayoshika moto kwa urahisi. Wakati huo gesi iliyotumika ilikuwa heli. Siku hizi agoni ndiyo iliyoenea.

Jambo la kwanza kwa mnunuzi ni kujiuliza iwapo anaihitaji TIG. Kwa malango na vyuma vya madirisha, mashine ya kawaida ya vijiti hutosha, ni nafuu na haihitaji gesi. Isitoshe, TIG ni ya polepole na haivumilii kutu, rangi wala mafuta. Faida yake hujitokeza kwenye mabati membamba, aluminiamu na chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi: matangi ya maziwa, vyombo vya mikahawa, reli za ngazi na mabomba ya kutolea moshi wa magari.

Mkondo wa umeme

Hapa ndipo wengi huteleza. Mashine zilizoandikwa DC pekee hutoa mkondo mnyoofu, ambao hufaa chuma cha kawaida, stenlesi na shaba. Zile zilizoandikwa AC/DC hutoa pia mkondo geu, ambao ndio unaohitajika kwa aluminiamu.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini utando wa oksidi unaoifunika hauyeyuki hadi joto lipite nyuzi 2,000. Mkondo geu hubadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Upande mmoja huubambua utando huo, upande wa pili huyeyusha metali. Mkondo mnyoofu wa kawaida wa TIG hauubambui, na matokeo yake ni uvimbe mweusi usioshikana.

Mashine za AC/DC huwa ghali zaidi. Kwa hivyo, fundi ambaye wateja wake ni wa stenlesi hana haja ya kulipia mkondo geu asioutumia. Naye anayelenga sufuria na rejeta za aluminiamu asidanganyike na bei ya chini ya mashine ya DC. Heri asubiri miezi kadhaa akiongeza akiba.

Kuhusu nguvu, kipimo kinachotumiwa na mafundi ni takriban ampea 40 kwa kila milimita moja ya unene wa chuma. Bati la milimita 3, mathalani, huhitaji kama ampea 120. Aluminiamu huhitaji zaidi kwa kuwa hupoteza joto haraka. Kwa karakana ya nyumbani, mashine ya ampea 160 hadi 200 hukidhi kazi nyingi. Muhimu vilevile ni kiwango cha chini kabisa: mashine isiyoweza kushuka hadi ampea 10 hivi itatoboa mabati membamba.

Umeme wa nyumbani

Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240, fezi moja. Soketi ya kawaida ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,100 pekee. Kwa kiwango hicho, mashine nyingi za inveta zitafanya kazi ya TIG hadi ampea 100 au 120 bila taabu. Anayetaka kutumia ampea 200 anahitaji laini yake maalumu kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi, iliyowekwa na fundi wa umeme mwenye leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA. Gharama hiyo ihesabiwe mapema.

Ikumbukwe pia kwamba mashine hiyo hiyo ikitumiwa na vijiti hufyonza umeme mwingi zaidi kuliko ikifanya TIG, ampea za kuchomelea zikiwa sawa. Nayo waya ya kurefusha umeme isitumiwe ikiwa imeviringishwa, kwani hupata joto na yaweza kuungua.

Kibandiko kilichoko nyuma ya mashine hueleza mengi kuliko maneno ya muuzaji. Herufi X huonyesha sehemu ya dakika 10 ambayo mashine inaweza kufanya kazi bila kupumzika. X ya asilimia 35 kwenye ampea 200 ina maana ya dakika tatu na nusu za kazi, kisha sita na nusu za kupoa. Alama ya I1max huonyesha umeme wa juu zaidi ambao mashine huvuta kutoka ukutani. Mashine isiyo na kibandiko hiki ni ya kutiliwa shaka.

Kuwasha tao

Kuna njia tatu za kuliwasha tao. Ya kwanza ni kukwaruza ncha kwenye chuma, njia nafuu lakini inayochafua ncha na kazi. Ya pili ni kugusa na kuinua, ambapo mashine hupunguza umeme wakati wa mguso. Hii huridhisha kwa chuma na stenlesi. Ya tatu ni cheche ya masafa ya juu, ambayo huruka bila ncha kugusa chochote. Kwa aluminiamu, hii ya tatu ndiyo inayofaa.

Pedali ya mguu, inayoongeza na kupunguza umeme kazi ikiendelea, ni msaada mkubwa hasa kwa anayejifunza. Ikiwa fedha hazitoshi, mnunuzi ahakikishe angalau kwamba mashine ina tundu la kuichomeka baadaye.

Mashine pekee haichomi kitu. Bajeti kamili hujumuisha mtungi wa agoni, kidhibiti chenye kipimo cha mtiririko, ncha za tungsteni, nyaya za kujazia, barakoa yenye kioo cheusi, glavu na jiwe la kunolea ncha. Si ajabu vitu hivi vikakaribia bei ya mashine ya DC yenyewe. Anayetumia fedha zote kwa mashine hubaki na pambo la karakana.

Gesi ndiyo gharama isiyokoma. Mtungi wa lita 50 uliojazwa kwa shinikizo la bar 200 hutoa karibu lita 10,000 za gesi. Kwa mtiririko wa lita nane kwa dakika, hizo ni saa 20 hivi za kuchomelea. Gesi iwe agoni safi. Kaboni dioksaidi, au mchanganyiko wake unaotumiwa kwenye mashine za MIG, huunguza ncha ya tungsteni papo hapo. Kabla ya kuamua, mnunuzi aulize ni wapi karibu naye mtungi hujazwa, na iwapo hukodishwa au huuzwa.

Kwa ncha, zile za lanthani hufaa mikondo yote miwili. Zile za rangi nyekundu zina thori, elementi yenye mnururisho hafifu, na vumbi lake halifai kuvutwa wakati wa kunoa.

Mashine iliyotumika yaweza kuwa nafuu, mradi ijaribiwe ikiwaka, kwa ampea za juu, na kwa metali anayokusudia kuichomelea mnunuzi. Ya inveta ni nyepesi lakini ubao wake wa elektroniki ukiungua hutengenezwa kwa shida. Ya transfoma ni nzito na hula umeme zaidi, lakini hudumu. Vipuri na fundi wa kuitengeneza viulizwe kabla ya bei.

Usalama nao hauna mbadala. Miale ya tao huunguza macho na ngozi. Moshi wa mabati yenye zinki huleta homa. Agoni ikijaa katika chumba kilichofungwa hufukuza oksijeni bila kutoa harufu yoyote. Dawa za kusafishia breki zenye klorini zisitumiwe kamwe kusafisha chuma kinachoenda kuchomelewa, kwani joto na miale ya tao huzigeuza kuwa fosijini, gesi ya sumu inayoweza kuua.

Hatimaye, uamuzi huongozwa na kazi. Kwa stenlesi na chuma chembamba, DC ya ampea 160 yenye njia ya kugusa na kuinua inatosha. Kwa aluminiamu, AC/DC yenye cheche ya masafa ya juu haina njia ya mkato. Na kwa malango, fedha za TIG zibaki benki. Vyote ving'aavyo si dhahabu, na mashine inayong'aa dukani haimjui mteja atakayebisha hodi kesho. Fundi ndiye anayemjua.