Uwanja wa Prince Louis Rwagasore, Bujumbura: Jina, Watu na Lugha

Mgeni anayeuliza njia ya kwenda kwenye uwanja mkuu wa mpira mjini Bujumbura huweza kupewa majina mawili na watu wawili waliosimama pembe moja ya barabara. Kijana atamwelekeza Intwari. Mzee atamwelekeza Prince Louis. Wote wawili watakuwa wamesema kweli, kwa kuwa uwanja ni ule ule mmoja. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi majina hayo yalivyopatikana na ni watu gani waliokuwa wakiujaza uwanja huo. Tunaamini kwamba jambo hili linawahusu walimu wa Kiswahili kuliko linavyoonekana kwa mtazamo wa kwanza.

Louis Rwagasore alizaliwa mwaka 1932, mwana wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Baada ya masomo ya Astrida na Ubelgiji alirudi nyumbani akaanza, si na siasa, bali na biashara: alisaidia kuanzisha ushirika wa wafanyabiashara Warundi, ambao ulimkutanisha na watu wa mjini. Mji wenyewe wakati huo uliitwa Usumbura. Ulikuwa umekua kutokana na kituo cha kijeshi cha Wajerumani cha miaka ya mwisho ya karne ya 19, kisha ukaingia mikononi mwa Wabelgiji mwaka 1916. Katika mitaa yake, hasa Buyenzi, walikaa watu waliotoka Ujiji, Manyema, Kongo na kwingineko, wengi wao Waislamu, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Serikali ya Kibelgiji haikuwatazama kwa jicho jema, wala wamisionari. Hata katika Kirundi, neno umuswahili lilipata kutumika kwa kumtaja mtu mjanja asiyeaminika. Walimu wanaofundisha Kiswahili nchini Burundi wanaijua vema adha ya urithi huo.

Basi ni katika mitaa hiyo ya Buyenzi na Bwiza ambamo mwana wa Mwami alipata wafuasi wake wa mwanzo mjini. Wakoloni walishangaa, pengine walikasirika, kumwona mtoto wa ikulu akishirikiana na wachuuzi na mafundi. Chama chake cha UPRONA kilishinda uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961 kwa viti 58 kati ya 64, naye akawa waziri mkuu. Hakutawala hata mwezi mmoja. Tarehe 13 Oktoba 1961, alipokuwa akila chakula cha jioni katika hoteli Tanganyika, kando ya ziwa, alipigwa risasi na Mgiriki aliyeitwa Jean Kageorgis, aliyetumwa na wapinzani wa kisiasa. Kageorgis aliuawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 30 Juni 1962. Kesho yake, Julai mosi, Burundi ikawa nchi huru.

Prince Rwagasore alizikwa Vugizo, kwenye kilima kinachoutazama mji, na uwanja wa mpira ukapewa jina lake. Tunaona kwamba uchaguzi huo ulifaa. Kaburi la kilimani hutembelewa kwa siku maalumu, kwa mashada ya maua na hotuba. Uwanja hutembelewa kila juma, na watu wanaokuja ni wale wale ambao marehemu alikuwa akipita milangoni mwao. Hivyo jina la mwana wa Mwami likawa linatajwa na watoto ambao hawajasoma historia hata ukurasa mmoja.

Miongoni mwa klabu zilizocheza hapo ilikuwako hata moja iliyoitwa Prince Louis; kadhalika Inter Star na nyinginezo. Lakini klabu iliyoupa uwanja sifa nje ya mipaka ni Vital'O, wavaaji wa zambarau na nyeupe. Mwaka 1992 Vital'O ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, na hakuna klabu nyingine ya Burundi iliyopata kufika fainali ya bara. Mchezo wa Bujumbura dhidi ya Africa Sports ya Abidjan ulikwisha bao 1 kwa 1. Kule Abidjan wakafungwa 4 kwa 0. Mwaka uliofuata timu ya taifa nayo ilikaribia kabisa kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika, ikatolewa na Guinea kwa mikwaju ya penalti. Ulikuwa mwaka 1993. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikatumbukia katika vita vya miaka mingi.

Hatutaki kuupamba mpira kwa sifa usizostahili. Mpira haukuzuia watu kuuana, na mitaa ya Bujumbura iligawanyika, huu wa Wahutu, ule wa Watutsi, hata mtu akaogopa kuvuka daraja la jirani yake. Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ulijulikana kwa kubaki na watu wa kila asili kuliko mitaa mingi, ingawa machafuko ya Machi 1995 hayakuukwepa. Mtu anayekumbuka hayo huutazama umati wa uwanjani kwa jicho jingine.

Wasomaji wetu wa Tanzania huenda wamewashangilia watoto wa uwanja huu pasipo kujua walikotoka. Shabani Nonda, mzaliwa wa Bujumbura, alitoka Vital'O akaja Young Africans ya Dar es Salaam kabla ya kwenda Ulaya, na mwaka 2004 akacheza fainali ya Ligi ya Mabingwa akiwa na Monaco. Timu ya taifa aliyoichezea ni ya Kongo. Amissi Tambwe alikuwa na Vital'O iliyotwaa Kombe la Kagame mwaka 2013, kisha akafunga mabao Simba, na baadaye Yanga. Saidi Ntibazonkiza naye alianzia Vital'O, akazunguka Ulaya, akaja kuzichezea Yanga na Simba. Yatazameni majina: Shabani, Amissi, Saidi. Ni majina ya mitaa ile tuliyoitaja. Na walipofika Dar es Salaam hakuna aliyewatafutia mkalimani.

Tuliwahi kufika uwanjani hapo siku ya mchezo wa ligi. Marufuku ya mwaka 2022, iliyoziondoa pikipiki, bajaji na baiskeli katikati ya jiji, ilikuwa imewafanya wengi kuja kwa miguu, nasi tukaenda pamoja nao. Njiani wauza karanga walitangulia, na harufu ya mishikaki ilifika kabla ya kelele. Ukiwa umeketi juu kidogo waona vilima upande wa mashariki, na upande wa magharibi, ng'ambo ya ziwa, milima ya Kongo ikiwa na rangi ya moshi. Kuhusu idadi ya watu wanaoenea humo, orodha nyingine huandika 22,000, nyingine 10,000. Anayetafuta mahali pa kukaa siku ya mchezo mkubwa hana nafasi ya kusuluhisha ugomvi huo.

Tulilolijia hasa ni lugha. Matangazo yalitolewa kwa Kirundi, mwamuzi alitukanwa kwa jina la Kifaransa, arbitre, lakini mabishano marefu, yale ya nani apangwe na nani alikuwa bora zamani, yalikwenda kwa Kiswahili. Ni Kiswahili chenye kanuni zake. Kijana aliyeketi mbele yetu alimwambia mwenziwe kwamba kesho watarudi tena ku stade. Mwalimu angemsahihisha: uwanjani. Sisi tulinyamaza. Ku hiyo yatumika katika Kirundi na katika Kiswahili cha Kongo pia, na kijana yule, ambaye pengine hakupata somo la Kiswahili mpaka nchi ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2007 na lugha hii ikapewa nafasi katika shule za msingi, alikuwa amekwisha kuitumia lugha kwa kazi kubwa kuliko mitihani yetu.

Siku kuu kuliko zote katika uwanja huo ilikuwa tarehe 23 Machi 2019. Burundi ilihitaji sare tu dhidi ya Gabon ya Aubameyang. Cédric Amissi alifunga dakika ya 76. Dakika chache baadaye Omar Ngando akajifunga mwenyewe, na moyo wa nchi nzima ukasimama. Mchezo ukaisha 1 kwa 1, na Burundi ikaingia Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, bila kufungwa hata mchezo mmoja katika kundi lake. Huko Misri ilifungwa michezo yote mitatu, lakini hilo ni jambo jingine.

Katika mwaka huo huo wa 2019 serikali iliubadili jina uwanja, ukawa Intwari. Neno hili la Kirundi lina maana ya shujaa, na walimu watapenda kujua kwamba halibadiliki katika wingi, kama simba katika ngeli yetu. Kwa hiyo jina jipya laweza kusomwa kuwa la shujaa mmoja au la mashujaa wengi, na anayetaka aweza kumhesabu Rwagasore miongoni mwao. Hata hivyo tunaona pana hasara. Jina la mtu humlazimisha mtoto aulize, huyu alikuwa nani? Jina la sifa halimlazimishi kuuliza chochote.

Baadaye uwanja haukutimiza masharti ya Shirikisho la Mpira la Afrika, na timu ya taifa ikawa inacheza michezo ya nyumbani ugenini. Mwezi Juni 2022 iliikaribisha Cameroon katika uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, ikafungwa 1 kwa 0. Watangazaji wa Dar es Salaam waliwataja wachezaji wa Burundi mmoja mmoja, na majina mengi hayakuwapa taabu.