Chumvi ya Ivuna na Somo la Baiolojia

Wanaodai kuwa baiolojia ya vitendo haiwezekani bila maabara kamili wangetazama historia ya Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa. Mwaka 1966 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba huko mabaki ya makazi ya watengeneza chumvi wa tangu karne ya 13 hadi ya 15. Watu hao walitenganisha chumvi na uchafu, wakachemsha maji yenye chumvi hiyo mpaka ikabaki chumvi tupu. Kazi hiyo haifanyiki kwa kubahatisha: inadai kupima kwa jicho, kurudia na kurekebisha. Ni nidhamu ileile ya jaribio.

Atasema mtu kwamba hiyo ni kemia, tena wazee wale hawakuijua seli. Ni kweli, wala siwavishi kilemba kisicho chao. Lakini chumvi hiyohiyo ndiyo inayomfungulia mwanafunzi wa kidato cha pili mlango wa osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli kuelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi. Kata vipande viwili vya kiazi mviringo vyenye urefu sawa, kimoja kiloweke kwenye maji ya chumvi nzito, kingine kwenye maji matupu. Baada ya saa chache cha kwanza hulegea na kufupika, cha pili hukakamaa. Wapo pia watakaosema muda hautoshi, na hoja hiyo ina uzito zaidi, kwani vipindi ni vifupi na mtihani hausubiri. Hata hivyo, vipande vikilowekwa asubuhi, mchana vinapimika, na mwalimu anatumia dakika zake kuwauliza wanafunzi maji yamekwenda wapi.