Wembe Uliovunjwa Lukole

Juma hili nazungumzia kitu kidogo ambacho huenda umekigusa asubuhi ya leo: wembe.

Mwaka 1999 nilipita Lukole, wilayani Ngara. Wakati huo palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi wapatao laki moja, wengi wao wakiwa wamekimbia vita vilivyofuatia kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993. Sokoni nikakaa kwa kinyozi. Alikuwa na kigoda, kioo chenye ufa, kipande cha sabuni na maji kwenye kopo. Kwa Kirundi wembe ni urwembe, hivyo hapo hatukuhitaji mkalimani. Akanionyesha wembe mpya, ungali umefungwa. Akaukunja kwa urefu ndani ya karatasi yake mpaka ukalia "ta!" Nusu moja akaibana kwenye kishikio chake, akaanza kazi.

Tangu siku ile naamini kwamba yule bwana, kwa vidole viwili, alikuwa ameurudisha nyuma uvumbuzi wa Mmarekani.

Kwa maana wembe wa zamani, wetu na wa Wazungu, ulikuwa na makali upande mmoja tu. Huku kwetu uliufuliwa na mhunzi, na Kagera haikuwa ngeni wa chuma. Barongo wa Biharamulo na Geita walisifika kwa kukiyeyusha. Mgongo ulikuwa mnene, wembe ukinolewa leo na kesho, hata ukarithiwa. Mwaka 1880 ndugu wa ukoo wa Kampfe, huko New York, walipata hati ya uvumbuzi wa kifaa chenye kinga ya kuzuia makali yasizame kwenye ngozi, lakini wembe wenyewe ulibaki wa upande mmoja, wa kunolewa.

King Camp Gillette alitaka wembe mwembamba, rahisi, ukiwa butu unautupa na kununua mwingine. Mhandisi William Nickerson ndiye aliyehangaika na namna ya kukaza bamba jembamba kiasi hicho. Mwaka 1903 kampuni iliuza vifaa 51 na nyembe 168 tu. Hati ikatoka mwaka 1904, na katika Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Marekani iliagiza vifaa milioni tatu na nusu kwa ajili ya askari wake.

Upi bora? Wa upande mmoja ni mnene, haupindi, na mkono hauogopi kuushika. Wa pande mbili ni mkali na wa bei ndogo, nao hukupa makali mara mbili, lakini unahitaji kile kifaa cha kuubana ili usiyumbe. Hapo ndipo penye kasoro. Katika vijiji na mitaa yetu wembe ulifika, kifaa mara nyingi hakikufika. Tuliushika kwa vidole: kukata kucha, kufumua mshono, kuchonga penseli, kunyoa mtoto na wafiwa. Wembe ukatao kuwili humkata anayenyolewa na anayenyoa. Dawa yake ikawa kuuvunja katikati, penye ule mwanya wake, nawe ukapata wembe wa babu tena.

Kagera kuuvunja kulikuwa na uzito mwingine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa nchini, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa huo. Ugonjwa huenezwa zaidi kwa kujamiiana, lakini wembe wenye damu nao uliogopwa, na kwa haki, maana hata homa ya ini hupita humo. Tulihimizwa kila mtu awe na wembe wake. Kumbuka pia kwamba wembe wa kale ulishika kutu, ukajisema wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Wilkinson Sword ya Uingereza ilipoanza kuuza kwa wingi nyembe zisizoshika kutu, wengine wakafuata, na shahidi huyo akanyamaza. Wembe uliokwisha kunyoa watu kumi unang'aa kama mpya.

Kwa hiyo mteja alibaki na ile karatasi na ule mlio wa "ta!" Na pale Lukole si jambo dogo. Wenyeji waliwalaumu wakimbizi kwa ujambazi na kwa kumaliza kuni, wakimbizi hawakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita nne nje ya kambi, lakini soko liliwakutanisha. Kichwa cha mmoja kilikuwa mikononi mwa mwingine. Wembe mmoja, watu wawili, kila mtu na nusu yake, na bei ikagawanyika.

Kambi ilifungwa mwaka 2008. Yule kinyozi sijui aliishia wapi.

Aliponimaliza, nusu yangu aliitumbukiza kwenye kopo lililotobolewa kifuniko. Nusu ya pili ilikuwa ingali ndani ya karatasi. Aliyenifuata alikuwa muuza ndizi, mwenyeji wa kijiji cha jirani. Akaiomba aione kwanza. Akaigeuza huku na huku, akamrudishia, kisha akakaa.