Mapigo Yanayojirudia: Sheria Iliyowaunganisha Wacheza Dansi na Watetezi wa Mazingira

Wanafunzi wetu wa somo la tafsiri huziona sheria kuwa matini kavu kuliko zote. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kinyume chake. Tutaeleza jinsi sheria moja ya Uingereza ya mwaka 1994, iliyojaribu kuufafanua muziki kwa maneno, ilivyowatia katika chungu kimoja watu ambao hawakuwa na mazoea: vijana waliokesha wakicheza muziki wa elektroniki, na watetezi wa mazingira waliokuwa wakipinga ujenzi wa barabara.

Tuanze na asili. Muziki wenyewe haukuzaliwa Uingereza. Mtindo wa hausi ulianzia Chicago na ule wa tekno Detroit, huko Marekani, katika miaka ya 1980. Waanzilishi wake wengi walikuwa vijana weusi waliotumia santuri na mashine za kutoa sauti za ngoma. Kufikia mwaka 1988 mitindo hiyo ilikuwa imewateka vijana wa Uingereza. Kwa kuwa vilabu vya huko vilifungwa mapema, vijana walianza kukutana usiku katika maghala matupu na mashambani, hasa kandokando ya M25, barabara inayouzunguka mji wa London. Serikali ilijibu kwa sheria ya mwaka 1990 iliyopandisha faini ya kuandaa burudani bila leseni hadi pauni 20,000, na kuongeza uwezekano wa kifungo. Wafanyabiashara wengi wakarudi nyuma. Walioendelea ni makundi yaliyobeba spika zao kwenye malori na kupiga muziki bila kutoza kiingilio. Mojawapo liliitwa Spiral Tribe. Makundi hayo yalishirikiana na wasafiri, yaani watu walioishi ndani ya mabasi na malori makuukuu, ambao walikuwa na mila yao ya matamasha ya bure tangu miaka ya 1970.

Mambo yalifika kileleni mwezi Mei mwaka 1992 huko Castlemorton, uwanja wa malisho ya jumuiya katika jimbo la Worcestershire. Watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 20,000 na 40,000 walikusanyika na kucheza kwa takribani wiki nzima. Haki yatudai tuseme kwamba wanakijiji waliteseka. Hawakupata usingizi, na malisho yao yalichafuliwa. Washiriki 13 wa Spiral Tribe walishtakiwa, kesi ikachukua muda mrefu na kugharimu fedha nyingi, na mwaka 1994 wakaachiwa huru. Hata hivyo, Bunge lilikuwa limekwishaanza kuandaa sheria mpya.

Sheria hiyo ya Haki ya Jinai na Utulivu wa Umma ilipata idhini ya Malkia tarehe 3 Novemba 1994. Kifungu cha 63 kiliwapa polisi uwezo wa kutawanya mkusanyiko wa watu 100 au zaidi uliofanyika nje usiku, wenye muziki wa vipaza sauti unaoweza kuwasumbua sana wakazi. Lakini muziki ni nini? Watunga sheria walihofia kwamba mtu angeweza kujitetea mahakamani akidai kuwa kelele zake si muziki. Kwa hiyo waliongeza kwamba neno muziki linajumuisha sauti ambazo sifa yake yote, au kwa sehemu kubwa, ni kutolewa kwa mfululizo wa mapigo yanayojirudia.

Hapa mwalimu wa lugha hana budi kusimama kidogo. Fasili nzuri hutenga. Hii haitengi kitu. Mfululizo wa mapigo yanayojirudia ndio uti wa mgongo wa ngoma za kadodi za Wamasaba, wa beni, na hata wa gwaride la jeshi. Kilichokuwa kikitafutwa ni jina la watu fulani. Kwa kuwa jina hilo halikuweza kuandikwa katika sheria, lilisetiriwa ndani ya maelezo ya sauti.

Wanamuziki waliielewa hila hiyo mara moja. Mnamo Septemba 1994, kabla sheria haijapitishwa, kikundi cha Autechre kilitoa santuri iliyoitwa Anti EP. Wimbo wake mmoja ulipangwa ili mapigo yake yasijirudie kwa mpangilio uleule, hivyo usiingie katika fasili. Kibandiko kilichokuwa juu ya santuri kiliwashauri madijei wawe na wakili na mtaalamu wa muziki wakati wa kuupiga. Ulikuwa utani, lakini ulikuwa pia uchambuzi wa matini.

Kosa kubwa la kisiasa la sheria hiyo, hata hivyo, lilikuwa upana wake. Mbali na wacheza dansi, iliwalenga pia wasafiri, watu waliohamia majumba matupu, waliovuruga uwindaji wa mbweha, na waliokaa mitini kuzuia matingatinga. Kifungu cha 68 kilifanya kuwa jinai kuingia katika ardhi ya mtu na kuzuia shughuli halali. Makundi haya yalikuwa na shida tofauti, na mengine hayakupendana. Sasa yote yalijikuta katika kurasa za sheria moja. Katika mwaka huo wa 1994 yaliandamana pamoja London mara tatu, Mei, Julai na Oktoba, spika zikiwa miongoni mwa maandamano.

Ushirikiano huo ulionekana wazi katika Claremont Road, mtaa wa mashariki mwa London uliotakiwa kubomolewa ili kupisha barabara ya kuungana na M11. Wanaharakati waliugeuza mtaa kuwa mahali pa kuishi, sanaa na muziki. Walijenga mnara wa mabomba ya chuma juu ya mapaa ya nyumba, na kuwaondoa kulianza mwishoni mwa Novemba na kuchukua siku kadhaa. Mtaa ulibomolewa, na barabara ikafunguliwa mwaka 1999.

Hata hivyo, waliofukuzwa waliondoka na somo. Kundi la Reclaim the Streets, lililoanzishwa mwaka 1991, lilifufuka mwaka 1995 likiwa na mbinu mpya. Mwezi Mei mwaka huo, katika eneo la Camden, magari mawili makuukuu yaligonganishwa makusudi, madereva wakajifanya kugombana, na njia ikafungwa. Watu wakamiminika barabarani, na muziki ukapigwa kwa umeme uliozalishwa kwa kukanyaga pedali za baiskeli. Tarehe 13 Julai 1996 maelfu waliiteka barabara ya M41, magharibi mwa London. Wachezaji waliotembea juu ya mironjo walivaa marinda mapana yaliyofika chini. Ndani ya marinda hayo walijificha watu waliokuwa wakitoboa lami na kupanda miti. Sauti ya mashine zao haikusikika, kwa sababu ilizimwa na yale yale mapigo yanayojirudia.

Je, walishinda? Miradi mingi ya barabara iliyotangazwa na serikali mwaka 1989 ilifutwa katika miaka ya 1990. Ukata wa fedha ulichangia, lakini na upinzani wa wananchi pia ulikuwa umepandisha gharama za kila mradi. Kwa upande mwingine, sheria haikulegezwa. Mwaka 2003 idadi ya watu katika kifungu cha 63 ilishushwa kutoka 100 hadi 20, na fasili ya mapigo imebaki ilivyo.

Sisi hapa Uganda tusidhani kwamba hayo ni ya wenzetu tu. Tamasha la Nyege Nyege, ambalo hukusanya wapenzi wa muziki wa elektroniki ukingoni mwa Nile tangu mwaka 2015, lilipigwa marufuku na waziri wa maadili mwaka 2018, kisha likaruhusiwa. Mwaka 2022 Bunge lililipinga, na serikali ikaliruhusu kwa masharti. Waandaaji hueleza kuwa jina hilo linatokana na neno la Kiganda lenye maana ya hamu kuu ya kucheza. Msomaji wa Kiswahili anajua kwamba katika lugha yetu maana ni nyingine kabisa! Ukisikia neno moja likitamkwa mahali pamoja kama sifa na kama tuhuma, ujue mwalimu wa lugha ana kazi ya kufanya.

Tunapendekeza basi kwa walimu wenzetu wa tafsiri: wapeni wanafunzi fasili ya kifungu cha 63, waifasiri kwa Kiswahili, kisha waorodheshe ngoma za kwao zinazoingia ndani yake. Halafu waulizeni ni maneno gani wangeongeza ili kadodi isiguswe, na kama wangeweza kufanya hivyo bila kutaja watu.