Skima katika mifumo miwili ya hifadhidata

Skima ya hifadhidata ni ramani ya majedwali, safuwima zake, aina za data na masharti yanayoyaunganisha majedwali hayo. Programu moja inapotakiwa kutumia Oracle na pia PostgreSQL, ramani hiyo huandikwa mara mbili, na ugumu huanzia pale neno lilelile linapokuwa na maana mbili. DATE ya Oracle hubeba tarehe pamoja na saa, dakika na sekunde. Ya PostgreSQL hubeba tarehe peke yake, hivyo risiti iliyotolewa saa 4:15 asubuhi ikihamishwa bila uangalifu hupoteza saa yake. Oracle huhesabu maandishi matupu kuwa NULL, yaani thamani isiyokuwepo, lakini PostgreSQL huvitofautisha viwili hivyo. Safuwima ya jina la kati yenye sharti la NOT NULL itapokea maandishi matupu ('') upande wa PostgreSQL na kuyakataa upande wa Oracle. Tofauti za namna hii ndizo za kuogopwa zaidi, kwa kuwa hazionekani katika skima yenyewe: maandishi ya pande zote mbili yanafanana kabisa.

Mabadiliko ya skima huwekwa katika mafaili yenye mfuatano maalumu, yanayoendeshwa na zana kama Liquibase au Flyway, ambazo hutunza ndani ya kila hifadhidata jedwali la yale yaliyokwisha kutekelezwa. Badiliko likikwama katikati, PostgreSQL mara nyingi huweza kurudisha kundi zima la amri nyuma. Oracle hufanya kila amri ya skima kuwa ya kudumu papo hapo, hivyo kilichoishia njiani hurekebishwa kwa mkono.