Sarara

Mnunuzi akitaka nyama laini buchani siku hizi huomba steki au fileti. Neno sarara, wengine husema salala, limebaki zaidi kamusini na vinywani mwa wazee: nyama inayolala kando ya uti wa mgongo wa mnyama. Ng'ombe husimama kwa miguu minne, hivyo nyama hiyo haichoshwi kama ya paja. Ndiyo maana ni laini.

Nasi tunazo sarara zetu, ingawa sidhani kama zingemfurahisha mpishi. Pitisha vidole pembeni mwa uti wa mgongo, chini ya mbavu, utagusa matuta mawili magumu. Ni misuli inayosimamisha mgongo. Inaanzia juu ya makalio, na vipande vyake vya juu hufika hadi kwenye fuvu. Ile misuli mipana inayoifunika, inayotuna kwa wapiga makasia, hasa huendesha mikono na mabega.

Sarara huzuia kiwiliwili kisianguke mbele. Mkulima akianza kuinama na jembe lake, sarara hukaza ili ashuke taratibu. Ajabu ni kwamba akishainama kabisa, sehemu kubwa ya misuli hiyo hunyamaza, uzito ukabaki zaidi kwa kano zinazofunga pingili.

Mgonjwa, hata hivyo, huingia kliniki akisema, "Uti wa mgongo unaniuma, daktari," mfupa ukalaumiwa, kumbe pengine kilichokaza ni nyama iliyo kando yake.